Kifurushi cha vipimo vya viungo kwenye maabara binafsi: kipi ulipie, kipi ukiache

Maabara nyingi binafsi za Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na Nairobi zinauza kifurushi cha vipimo vya viungo. Unaingia bila barua ya daktari, unalipa dirishani, unatolewa damu, na jioni majibu yanaingia kwenye simu. Kwa kawaida kifurushi kina vitu vitano: ESR, CRP, rumatoidi fakta (RF), asidi ya yuriki na ASO. Baadhi ya maabara huongeza ANA na kalsiamu, na bei hupanda.

Hukumu yetu tunaiweka mbele. Vipimo viwili kati ya hivyo vitano vina manufaa kwa karibu kila mtu mwenye maumivu ya viungo yasiyoeleweka. Viwili vinamfaa mgonjwa wa aina fulani tu, na akipimwa mtu asiye wa aina hiyo humpotosha. Kimoja, kwa mtu mzima mwenye magoti au vidole vinavyouma, hakina kazi kabisa. Na kipimo chenye nguvu kuliko vyote kwa kiungo kilichovimba hakimo, kwa sababu hakipatikani kwenye damu. Tunakipa kifurushi nyota 2 kati ya 5 kikinunuliwa kama kinavyouzwa, yaani kabla ya mtu yeyote kukugusa viungo. Kikiagizwa baada ya daktari kukukagua, vipimo hivyohivyo vinastahili nyota 4, maana hapo kila namba ina swali linaloisubiri.

Hesabu inayoonyesha kwa nini damu peke yake haitoshi

Tuchukue ugonjwa ambao watu wengi huununulia kifurushi hiki, rumatoidi athraitisi, ile baridi yabisi inayokunja vidole. Tangu mwaka 2010 madaktari wa viungo wa Marekani na Ulaya wanatumia mizani moja ya pointi 10, na mgonjwa anahitaji kufikisha 6. Idadi ya viungo vilivyoathirika huleta hadi pointi 5. RF na ndugu yake anti-CCP, zote mbili kingamwili zinazotafutwa kwenye damu, kwa pamoja huleta hadi 3. ESR au CRP iliyopanda huleta 1. Maumivu yaliyodumu wiki 6 au zaidi huleta 1.

Jumlisha sasa. Mtu ambaye kila kipimo cha damu ni kibaya anapata 3 na 1, jumla 4. Mwongezee pointi ya muda, ni 5. Bado hajafika. Lakini mtu mwenye viungo zaidi ya 10 vilivyovimba au vinavyouma vikibonyezwa, vikiwemo vidogo vya vidole, anapata 5. Akiwa navyo kwa wiki 6 anatimiza 6 hata kama karatasi yake yote ya maabara ni safi. Tena mizani hiyo haianzi kutumika mpaka daktari aone kwa macho au kwa vidole angalau kiungo kimoja chenye uvimbe wa kweli usioelezeka kwa sababu nyingine.

Kwa hiyo ukaguzi wa mikono si maandalizi ya kipimo. Ndio kipimo chenyewe, na hauchukui zaidi ya dakika 10. Daktari anayejua kazi yake atabana vifundo vya vidole vyako vyote vinne kwa pamoja kutoka pembeni, kama mtu anayekushika mkono kwa nguvu, na kufanya hivyo hivyo miguuni. Atapapasa kila kifundo kwa vidole gumba viwili kutafuta uteute wa uvimbe, ambao ni tofauti na ugumu wa mfupa uliotokeza. Atauliza ukiamka asubuhi viungo vinakakamaa kwa muda gani: dakika 10 hadi 15 huelekea kwenye kuchakaa kwa viungo, zaidi ya nusu saa, hadi saa nzima au zaidi, huelekea kwenye ugonjwa wa kinga ya mwili. Ataangalia ni vifundo vipi. Rumatoidi hupenda vile vya katikati na vya shina la vidole, pande zote mbili. Vile vya karibu na kucha huuachia uchakavu au ugonjwa wa ngozi wa soriasi. Ataangalia ngozi, kucha, macho na vidonda vya kinywani. Kama umelipa ada ya kumwona daktari na hakukugusa mkono, hujapata huduma uliyolipia, na una haki ya kumwambia: daktari, naomba unikague viungo kabla ya kuniandikia vipimo.

ESR na CRP: hivi viwili vinafaa

Vyote viwili vinajibu swali moja: je, mwilini kuna mcharuko, yaani mwili unapambana na kitu hadi mahali panavimba na kupata joto? Havisemi ni kitu gani.

ESR ni kipimo cha zamani na cha wazi kabisa. Damu iliyochanganywa na dawa ya kuzuia isigande hutiwa kwenye mrija mwembamba wenye vipimo vya hadi milimita 200, mrija husimamishwa wima kwenye kishikio, na baada ya saa 1 mtaalamu anasoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi kutoka juu. Ndiyo maana kinaharibika kwa mambo ya kawaida sana. Mrija ukiinama kidogo, chembe huteleza upande mmoja na namba hupanda kwa uongo. Damu ikikaa kwenye joto la chumba zaidi ya saa 4 kabla ya kupimwa, namba hushuka, na hili hutokea pale tawi dogo la maabara linapokusanya sampuli za siku nzima na kuzipeleka makao makuu jioni kwa pikipiki. Uliza dirishani: ESR inapimwa hapahapa? Kama inasafirishwa, nenda tawi kubwa au tegemea CRP, ambayo hustahimili safari vizuri zaidi.

Kosa la pili ni la usomaji. Karatasi nyingi huchapa kiwango kimoja kwa watu wazima wote, na kila kinachozidi kinawekewa alama nyekundu. Kanuni ya haraka inayotumika kliniki ni umri ugawanye kwa 2 kwa mwanaume. Kwa mwanamke, ongeza 10 kwenye umri kisha gawanya kwa 2. Mama wa miaka 60 kikomo chake ni 35. ESR yake ya 30 yenye alama nyekundu si habari ya kumkosesha usingizi. Upungufu wa damu na ujauzito navyo huipandisha bila ugonjwa wowote wa viungo, ndiyo maana ESR isiyo na picha kamili ya damu pembeni yake ni nusu ya kipimo. Kwa mwenye seli mundu mambo hugeuka: chembe zenye umbo la mundu hazipangani vizuri, kwa hiyo ESR hukaa chini hata mfupa ukiwa na usaha. Kwake yeye ESR ya kawaida isimtulize mtu yeyote.

CRP hutengenezwa na ini. Hupanda ndani ya saa chache baada ya mcharuko kuanza na hupungua kwa nusu kila baada ya takriban saa 19 chanzo kikiondoka. ESR husuasua kwa wiki kadhaa. Ukiwa na pesa ya kimoja tu, chukua CRP, na hakikisha majibu yanakuja kwa namba, miligramu kwa lita, si neno "chanya". Kumbuka pia kwamba wapo wagonjwa wa rumatoidi wenye CRP ya kawaida, na kwamba lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, mara nyingi hupandisha ESR huku CRP ikibaki chini.

Kitu kimoja huvuruga vyote viwili kimyakimya: steroidi kama prednisolone au deksamethasone iliyonywewa au kuchomwa siku chache zilizopita. Namba hushuka, viungo hutulia, na ugonjwa unaendelea kula mfupa. Hapa pia zinaingia zile dawa za viungo za unga au vidonge zisizo na lebo, zinazoitwa za asili na kuuzwa mkononi. Katika nchi mbalimbali zimekutwa na deksamethasone au diklofenaki ndani. Kama ulizitumia, mwambie daktari hata asipouliza.

RF: chanya ya nini?

Hiki ndicho kipimo kinacholiza watu bure. Kwenye maabara ndogo hufanywa kwa kadi: tone la maji ya damu na tone la lateksi nyeupe huchanganywa kwenye duara jeusi, kadi inazungushwa taratibu kwa dakika 2, kisha mtaalamu anatazama kama pameganda vijipunje. Akiiacha kadi mezani dakika 5 akahudumia mtu mwingine, tone linaanza kukauka pembeni na vijipunje hujitokeza vyenyewe. Hiyo ni chanya ya uzembe.

Hata kadi ikisomwa sawasawa, RF hukutwa kwa watu wazima wachache wasio na ugonjwa wowote, na hao huongezeka kadiri umri unavyokwenda. Hukutwa kwa wenye kifua kikuu, homa ya ini ya C, maambukizi ya vali za moyo, na maambukizi mengine ya muda mrefu ambayo Afrika Mashariki tunayo kwa wingi. Upande wa pili, karibu watu 3 kati ya 10 wenye rumatoidi hawana RF, na miezi ya mwanzo wanaoikosa ni wengi zaidi. Kwa hiyo mzee wa miaka 70 mwenye goti moja bovu na RF chanya ana goti bovu na RF chanya, basi. Na dada wa miaka 35 mwenye vidole vilivyovimba mikono yote miwili na RF hasi bado anapaswa kuonwa na bingwa.

Ukiamua kupima, dai namba na kikomo cha maabara hiyo. Kwenye ile mizani ya pointi 10, RF iliyozidi mara 3 ya kikomo ina pointi 3. Iliyozidi kidogo ina 2. Na jibu lililoandikwa "chanya" bila namba huhesabiwa kuwa ya kiwango cha chini. Namba isiyoandikwa inakunyima pointi.

Anti-CCP ni bora zaidi. Ikiwa chanya, uwezekano wa kuwa si rumatoidi ni mdogo sana, na inaweza kuonekana miaka kabla ya vidole kuvimba. Haimo kwenye kifurushi kwa sababu ni ghali kuliko RF ya kadi na maabara nyingi husubiri sampuli zikusanyike ndipo ziendeshe mashine. Ushauri wetu: acha ASO na ANA, uzielekeze pesa hizo huku.

Asidi ya yuriki, na watu wanaomezeshwa alopurinoli bila jongo

Yuriki huanza kuganda fuwele ikizidi takriban miligramu 6.8 kwa desilita, sawa na mikromoli 405 hivi kwa lita. Angalia kwanza kizio kilichoandikwa kwenye karatasi, maana maabara za hapa hutumia vyote viwili na watu huchanganya. Kupita kikomo hicho si jongo, yaani gauti. Wengi wanaishi na yuriki ya 7 au 8 maisha yao yote bila kiungo hata kimoja kuvimba, na miongozo haishauri kuwapa dawa.

Jongo lina sura yake. Kiungo kimoja, mara nyingi shina la kidole gumba cha mguu, huanza usiku, na ndani ya saa 24 kimekuwa chekundu, kinang'aa, na hata shuka likikigusa mgonjwa analia. Kinapona chenyewe ndani ya wiki moja au mbili, kisha kinarudi. Wengi ni wanaume. Kwa mwanamke ambaye bado anaona siku zake, jongo ni nadra, na akiambiwa analo, atafutiwe sababu nyingine kwanza.

Utata mkubwa uko kwenye muda. Katikati ya shambulio yuriki inaweza kushuka hadi ionekane ya kawaida. Mgonjwa anapima siku mguu umewaka, anaambiwa "huna gauti", anarudi nyumbani na bia zake. Rudia kipimo wiki 2 au zaidi baada ya kiungo kutulia.

Halafu kuna dawa. Hydrochlorothiazide ya presha huipandisha yuriki, na aspirini ya dozi ndogo vilevile. Pyrazinamide ya kifua kikuu, inayomezwa miezi 2 ya mwanzo, huipandisha sana, na wagonjwa wengi wa TB hupata maumivu ya viungo kipindi hicho. Anayetumia dawa za TB asinunue kipimo hiki mtaani, na wala asiache dawa kwa sababu ya namba. Arudi kliniki ya TB apewe dawa ya maumivu. Alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki, inayoandikwa kwa sababu ya namba pekee inatupa wasiwasi wa kweli, kwa sababu kwa watu wachache huleta mchubuko mkali wa ngozi unaoweza kuua. Dawa hiyo ni nzuri kwa mwenye jongo lililothibitishwa, ikianzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa hadi yuriki ishuke chini ya 6.

ASO na ANA: ziache

ASO inaonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na bakteria wa koo aina ya streptokoka. Kazi yake ni kwa mtoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, ambaye maumivu yanahama kutoka goti kwenda kifundo cha mguu kwenda kiwiko, ana homa, na aliumwa koo wiki chache kabla. Hapo inatafutwa homa ya rumatiki, na moyo wake lazima usikilizwe na kupigwa eko. Mtu mzima mwenye ASO ya 400 aliumwa koo, basi. Hata hivyo wapo wanaochomwa penisilini ya benzathini kila mwezi kwa miaka kwa sababu ya karatasi hiyo. Sindano hizo ni ngao ya moyo wa mtoto mwenye homa ya rumatiki. Goti la mtu mzima halizihitaji.

ANA, kingamwili zinazolenga kiini cha seli za mwili wenyewe, nayo ina chanya nyingi zisizo na maana. Kwa watu wazima wasio na ugonjwa, takriban 13 kati ya 100 ni chanya kwenye kipimo cha 1:80 (damu ikizimuliwa mara 80), na 5 kati ya 100 kwenye 1:160. Ipimwe tu kama kuna kitu kingine kinachoelekeza kwenye lupasi: upele wa mashavuni unaochochewa na jua, nywele kunyonyoka kwa viraka, vidonda vya kinywa visivyouma, miguu kuvimba, mkojo wenye povu. Na hapa ndipo kipimo cha bei ndogo kuliko vyote kinapokosekana kwenye kifurushi: kijiti cha mkojo. Protini au damu kwenye mkojo wa dada mwenye viungo vinavyouma inaweza kuwa dalili ya kwanza kwamba figo zimeguswa, na kijiti hutoa jibu kwa dakika 2. Tunashangaa kwamba hakimo.

HLA-B27, alama ya kurithi inayopimwa kwenye damu na kuuzwa na baadhi ya maabara kubwa kwa maumivu ya mgongo, haikutwi kwa wingi miongoni mwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara. Jibu hasi halikuambii chochote cha maana kuhusu mgongo wako.

Maji ya kiungo

Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na hakikunjiki, usiende dirisha la kifurushi. Nenda hospitali yenye kliniki ya mifupa siku hiyohiyo, hasa kama kuna homa, kisukari, VVU au seli mundu. Usaha ndani ya kiungo huharibu gegedu ndani ya siku chache, na kipimo kinachouona ni kuvuta maji ya kiungo kwa sindano.

Kwenye goti ni kazi ya dakika chache. Ngozi inasafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu na kuachwa ikauke, ganzi inachomwa, kisha sindano nene inaingizwa pembeni ya kifuniko cha goti na maji yanavutwa. Kwanza tazama bomba lenyewe: maji ya njano angavu yanayovutika kama ute ni dalili njema, yenye ukungu kiasi kwamba husomi maandishi yakiwekwa nyuma ya bomba, ni mcharuko au usaha, damu tupu baada ya kuanguka inaweza kuwa ufa kwenye mfupa.

Makosa ya mahali hapa ni ya vichupa. Maji ya kuhesabu chembe yaende kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, la sivyo yataganda. Ya kuotesha bakteria yaende kwenye kichupa safi kilichofungwa au moja kwa moja kwenye chupa za kuoteshea damu, ambazo hunasa zaidi. Ya kutafuta fuwele yaangaliwe mapema, tone moja tu juu ya kioo linatosha. Kama hospitali haina hadubini ya mwanga maalumu, uliza mapema yanapelekwa wapi. Hesabu ya chembe nyeupe chini ya 2,000 kwa mikrolita huelekea kwenye uchakavu au jeraha. Kati ya 2,000 na 50,000 ni mcharuko kama jongo au rumatoidi. Juu ya 50,000 huchukuliwa kuwa usaha mpaka ithibitike vinginevyo. Mipaka hiyo hupishana, na fuwele za jongo zikionekana hazifuti uwezekano wa usaha. Vyote viwili vinaweza kukaa kwenye goti moja. Antibayotiki za dukani zikimezwa kabla ya sindano, bakteria wanaweza wasiote na daktari akabaki anakisia.

Sindano ya steroidi kwenye goti lililovimba, kabla ya maji yake kupimwa, usikubali.

Kiungo kimoja kilichovimba polepole kwa miezi bila joto kali, hasa goti au nyonga, kitafutiwe TB. Omba maji yapimwe pia kwa GeneXpert, mashine ambayo hospitali nyingi za mikoa na kaunti tayari zinayo kwa ajili ya makohozi. Ikitoa hasi na shaka ipo, kinachofuata ni kuchukua kipande cha utando wa kiungo.

Yale ya kwetu yanayosahaulika

Chikungunya ilielezwa kitabibu kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 huko Newala, na Mombasa iliupata tena mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Homa ya ghafla, kisha vifundo vya mikono na miguu kuuma vibaya, mara nyingine kwa miezi. Wiki ya kwanza kipimo chake ni PCR, kinachotafuta virusi vyenyewe. Kuanzia siku ya 5 hivi ni IgM, kingamwili za mwanzo dhidi ya virusi hivyo. Kipimo cha malaria kikiwa hasi na mtaa mzima unachechemea, daktari aulizwe.

Brusela, ile ya maziwa mabichi na ya wanaozalisha mifugo, huuma mgongo wa chini, nyonga na magoti, na huleta jasho la usiku. Tatizo ni kipimo cha haraka cha matone ya rangi kilichozoeleka kwenye zahanati. Utafiti wa Kenya umeonyesha kinatoa chanya nyingi za uongo. Rose Bengal ni bora, na chanya yake ithibitishwe, maana tiba ni antibayotiki mbili kwa angalau wiki 6.

VVU ipimwe kwa kila mtu mwenye viungo vilivyovimba bila sababu. Kipimo ni bure vituo vya serikali. Mwenye seli mundu na maumivu ya nyonga anahitaji picha ya nyonga, na eksirei ikiwa safi huku anachechemea, MRI, kwa sababu kufa kwa kichwa cha mfupa wa paja huonekana huko mapema zaidi.

Picha

Eksirei ya magoti ipigwe ukiwa umesimama. Ukipigwa umelala, nafasi kati ya mifupa huonekana nzuri wakati uzito ukiikalia imekwisha. Ya mikono ipigwe pamoja na ya miguu, kwani kwenye rumatoidi mifupa ya miguu mara nyingi huanza kulika kwanza. Miezi ya mwanzo picha huwa ya kawaida. Hiyo si hati ya uzima. Na ukiambiwa eksirei imeonyesha "ute umeisha", ujue eksirei haioni ute. Inaona mifupa na nafasi kati yake, ambayo ni ya gegedu. Wanaouza sindano na vidonge vya kurudisha ute wanakuuzia kitu ambacho picha hiyo haikukisema.

Ukifika dirishani

Huhitaji kufunga kula kwa vipimo hivi. Leta orodha ya dawa zote. Omba picha kamili ya damu, CRP, ESR, kreatinini (kipimo cha figo) na kijiti cha mkojo kwa kila mtu. RF na anti-CCP kama vidole vya mikono yote vimevimba. Yuriki kama sura ni ya jongo. Karatasi iwe na namba, kizio, kikomo na tarehe, na uhifadhi nakala. Bima nyingi hazilipi kipimo ulichojiandikia mwenyewe, kwa hiyo barua ya daktari inaweza kukuokolea gharama yote.

Muda una uzito. Mwongozo wa Ulaya unataka mwenye viungo vilivyovimba aonwe na bingwa ndani ya wiki 6 tangu dalili zianze, na tiba ya rumatoidi ianze ndani ya miezi 3. Mabingwa wa viungo ni wachache na foleni zao ni ndefu, kwa hiyo omba miadi siku uvimbe unapothibitishwa, vipimo vifuate ukiwa kwenye foleni.

Kuna kifurushi kingine ambacho maabara hizi zingefanya jambo la maana kukiuza, na hakionekani kwenye mabango yao: cha mtu anayeanza methotreksati, dawa ya rumatoidi. Kabla ya dozi ya kwanza anahitaji picha kamili ya damu, vipimo vya ini na figo, homa ya ini ya B na C, VVU na eksirei ya kifua. Mwanamke anayeweza kushika mimba anahitaji na kipimo cha ujauzito. Baadaye damu, ini na figo hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 kwa miezi 3 ya mwanzo, kisha kwa nafasi ndefu zaidi. Dawa yenyewe humezwa mara moja kwa wiki, siku ileile, na siku hiyo iandikwe kwa kalamu juu ya pakiti kabla mgonjwa hajatoka duka la dawa.